Mwaka Tuliosoma Hadithi Mchana

Adelina tulimzika kijijini Kaagya, katika kibanja cha marehemu mumewe, mahali ambapo migomba imesongamana na mibuni hata wabeba jeneza ikabidi wapite kiubavu. Mvua ilikuwa nyepesi. Mchungaji alisoma wasifu wake, akasema marehemu alikuwa mwalimu, mke, mama, mwimbaji wa kwaya na mweka hazina wa umoja wa akina mama. Yote ni kweli. Lakini kuhusu mwaka mmoja niliokaa naye upande wa Muleba, chumba kimoja, vitanda viwili vya kamba na kasha la vitabu katikati yake, hakusema neno, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki nilichopewa kwa heshima ya uzee, mwavuli wa mtu nisiyemjua ukinichuruzikia begani, nikashikwa na hasira ya kitoto kabisa. Mnamzika mtu nusu, nilitaka kusema. Adelina alipokuwa msichana alikuta jambo moja analoliweza kuliko watu wote, akalifanya kwa uzuri ambao sijauona tena mahali popote, kisha likavunjwa mikononi mwake. Yule wa kwaya na yule wa hazina ndiye aliyebaki baada ya hapo. Nilimpenda huyo aliyebaki, lakini sikuwahi kuacha kumlilia yule wa kwanza, hata wakati bado yu hai, ananimiminia chai na kunieleza bei ya kahawa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Shule yetu ya misheni ilikaa kwenye mgongo wa kilima, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na siku zisizo na ukungu uliliona ziwa chini kabisa, jeupe. Tulikuwa walimu wa kike wawili tu, Adelina akinizidi umri kidogo na maarifa sana, na tulipewa madarasa ya chini kwa sababu Mwalimu Zakaria, mkuu wa shule, aliamini kwamba watoto wadogo ni kazi ya wanawake, kama ilivyo kazi ya kuchambua maharage. Simsemi vibaya. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na kila mwezi alituletea mkungu wa ndizi kutoka kwake bila kutukumbusha kwamba alituletea. Chumba chetu kilikuwa na nyasi sakafuni kama nyumba za kwetu zote, na tulizibadilisha siku za Jumamosi, ndiyo maana mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi nasikia sauti ya Adelina akisema, “Justa, usikanyage kwanza, acha nizinuse.” Jioni tulipika ndizi na maharage kwenye mafiga matatu nyuma ya nyumba, tukafunika chungu kwa jani la mgomba, na wakati wa kungoja ndio ulikuwa wakati wetu wa kuzungumza. Mazungumzo yetu yote makubwa nayakumbuka pamoja na moshi.

Vitabu vya kusoma watoto walikuwa navyo, ila ni vitabu vya namna gani! Kimoja kilihusu choo na faida zake. Kingine kilihusu wadudu wanaoharibu kahawa. Cha tatu kilisimulia habari za mtoto mtiifu, ambaye kwa jinsi alivyokuwa mtiifu hakuna lolote lililompata kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Watoto walivisoma kwa sauti moja, macho yakiwa dirishani, na Kiswahili chenyewe kwao kilikuwa lugha ya darasani tu, maana wakitoka nje ya mlango walirudi kwenye Kihaya kabla mguu wa pili haujavuka kizingiti. Waliomaliza darasa la nne na kurudi mashambani walisahau herufi zote katika misimu michache. Naamini ndiyo sababu ofisi ya elimu mjini Bukoba ikatangaza kwamba kila shule ipeleke mtu akachague kasha moja la vitabu vya watoto wadogo na wale wakubwa kidogo, akae navyo mwaka mzima, na visivyofaa virudishwe. Mwalimu Zakaria akatutuma sisi. Tulisafiri juu ya magunia ya kahawa kwenye lori, tukala ndizi za kuchoma njiani, tukafika mjini tumejaa vumbi hata kope.

Ghala la vitabu lilikuwa chumba cha mabati nyuma ya ofisi, na ndani kulinuka mafuta ya taa na karatasi iliyolala muda mrefu. Karani mmoja kijana, kalamu mfukoni na kalamu sikioni, alitukaribisha kwa Kiingereza kwanza, kisha akatuhurumia akatumia Kiswahili. “Chagueni vyenye mafunzo, dada zangu. Hivi hapa ni vya afya, hivi ni vya kilimo.” Adelina akamuuliza, “Na vyenye raha viko wapi?” Karani akacheka mpaka akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. “Huyu Mwalimu anataka vya raha!” Mwenzake naye akacheka. Adelina hakucheka. Alikaa sakafuni kwa gauni lake la Jumapili, akaanza kutoa vitabu kimoja kimoja, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuvisoma. Alitazama picha moja, akasoma sentensi ya kwanza, akakifunga. Nilimwambia tuna siku nzima, mbona asisome. Akanijibu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini ili karani asisikie, kwamba sisi hatuwezi kuchagua, sisi tumeshakua. “Tuchukue vingi vya kila namna,” akasema, “watachagua wenyewe.” Nilidhani anatania.

Siku ya kwanza alisoma kitabu cha sungura na fisi, kipindi cha mwisho kabla ya watoto kwenda kula, jua likiwa limetuama mlangoni. Alikisoma vizuri. Watoto wakakaa kimya kama waliokuja kuungama. Alipomaliza ukurasa akawatazama, nao wakamtazama, wakingoja maswali. Akafunga kitabu. Kisha akasema kwa Kihaya maneno ambayo kila mtoto wa kwetu anayajua kabla hajajua jina lake vizuri, yale ambayo msimulizi huanzia nayo watu wakishakula na giza kuingia: “Nkaija nabona!” Nilikuja, nikaona. Darasa likashtuka. Sauti moja ndogo ikajibu kutoka nyuma, kwa hofu, “Bona tulole.” Ona, nasi tuone. Adelina akarudia, “Nkaija nabona!” Safari hii darasa zima likaitika, “Bona tulole!” mpaka Mwalimu Zakaria akatoa kichwa ofisini. Basi akarudi mwanzo wa kitabu kilekile, ukurasa uleule, Kiswahili kilekile, na sasa watoto walikuwa wamekaa ukingoni mwa viti.

Hapo ndipo tulipopata njia yetu. Kila kitabu kilichotoka kwenye kasha tulikifungua kwa maneno hayo, na mwisho wa ukurasa tulinyamaza. Watoto wakinyamaza nao, kitabu kilikwenda upande wa kurudishwa. Wakiitika wenyewe, bila kuambiwa, “Bona tulole!”, kitabu kilibaki. Hatukuwaeleza sheria hiyo, lakini waliijua upesi kuliko jedwali la kuzidisha. Waliwatupa watoto watiifu wote. Walimtupa mfalme mmoja mwenye picha nzuri za rangi, ambaye mimi nilimpenda sana. Walimshikilia mwanamke mvivu aliyepika akisahau chumvi kila siku, nikawa namwona mtoto wa darasa la pili akijisomea mwenyewe habari zake wakati wa mapumziko, kidole kikifuata mstari, akicheka peke yake. Kwangu hilo lilikuwa jambo jipya duniani. Sikuwahi kumwona mtu akimcheka mtu aliye kwenye karatasi.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hiyo ilikuwa ya Adelina, wala hakukubali ivunjwe. Sisi walimu hatukuruhusiwa kusoma mbele. Alisema mwalimu anayejua mwisho husoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula, na watoto wenye njaa huitambua. Kwa hiyo tulijua pale tu walipojua wao. Mimi udadisi uliniwasha, nikajaribu kuchungulia, naye akawa analaza kitabu cha kesho chini ya mto wake. “Justa, lala,” alikuwa akisema nikigeuka tu kitandani. “Fisi hatakimbia usiku huu.”

Kile kitabu cha moto kilitoka kwenye kasha wakati mvua za vuli zinaanza. Jalada lake lilikuwa limechanika, jina halikuonekana, ungedhani kimeliwa na mbuzi. Kilisimulia habari za msichana aliyeamka akakuta moto wa nyumbani umezimika. Mama yake anaumwa, hakuna cha kupikia uji. Akatumwa ng’ambo ya bonde kwa shangazi, akapewa kaa moja la moto katika kigae, arudi nalo. Njiani kila anayekutana naye anaomba kidogo. Kwetu moto ulikuwa bado unaombwa kwa jirani hivyohivyo, kwa kigae hichohicho, na hapakuwa na mtoto darasani ambaye hajawahi kutumwa na kurudi akipuliza huku machozi yakimtoka. Walikisikiliza kitabu hicho kwa mwili mzima. Tulikisoma taratibu, ukurasa kwa siku, kwa sababu hawakutaka kiishe.

Kati yao walikuwamo ndugu wawili, Kokushubira na Rweyemamu. Kokushubira alikuwa msichana mkali wa miaka tisa hivi, mwenye kupigana na wavulana na kuwashinda. Mdogo wake alivaa shati la baba yao lililofika magotini, na tangu aje shuleni hakuwa amesema neno. Tulimuuliza jina, dada yake akajibu. Tulimpa kalamu, akaishika tu. Mwalimu Zakaria alishauri arudishwe nyumbani mpaka akomae. Siku msichana wa kitabuni alipofika kwenye mti wa kwanza, na kunguru akamwomba kaa la moto aote mabawa, Adelina akanyamaza mwisho wa ukurasa, na Rweyemamu ndiye aliyeitika kabla ya wote, peke yake, kwa sauti nene isiyolingana na umbo lake: “Bona tulole!” Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anamtazama Adelina kama anayemdai. Tangu siku hiyo akawa anafika asubuhi mapema kuliko wote, anasimama kwenye mlango wa chumba chetu tukiwa bado tunachana nywele, anauliza kwa Kihaya, “Moto umefika?” Adelina anamjibu, “Bado, mwanangu. Tuko njiani.” Jioni moja tukingoja chungu kichemke, Adelina aliniambia kwamba kama Mungu angemwuliza anataka nini, angesema anataka kazi hii tu, asiongezewe kitu. Alisema kwa utani, lakini macho yake hayakutania. Nami nilikuwa na furaha. Naiandika hapa kwa sababu sikupata kuwa nayo tena kwa namna ile, na sitaki ipotee.

Nililosikia kisimani lilikuwa onyo la kwanza. Nilikuwa nimeinama nachota, na wanawake wawili nyuma ya mgomba hawakuniona. “Watoto wanasema wanasimuliwa emigani shuleni.” “Emigani gani?” “Ya kweli. Wanafunguliwa na Nkaija nabona, jua likiwa utosini.” “Mawe!” Ndivyo tunavyomwita mama tukishtuka. Labda msomaji wa leo hajui. Kwetu hadithi, ndizo hizo emigani, ni ya usiku. Mchana ni wa jembe, na anayesimulia mchana anafungua mlango ambao haufungiki. Wazee walikuwa na usemi wao, kwamba hadithi ya mchana haiondoki mikono mitupu. Mimi na Adelina tuliujua usemi huo tangu utotoni, lakini tulikuwa Wakristo, tena walimu, na tulidhani kitabu ni kitabu. Nilipomwambia nilichosikia, aligeuza ndizi chunguni, akasema, “Shule ni mchana, Justa. Tuwaite usiku?”

Surua ilikuja pamoja na senene, panzi wetu wa kukaanga. Ule ndio msimu ambao watoto wa kwetu hufurahi kuliko Krismasi, kila mmoja ana kikapu, mikono inanuka mafuta, na kila jiko linakaanga. Mwaka ule tulikaanga huku tunazika. Madawati yalianza kuwa wazi moja hapa, moja kule. Mwuguzi wa zahanati alipita nyumba kwa nyumba akisema watoto wafunikwe, wapewe maji, watengwe, na watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakawaleta wapwa na binamu wote kumwona mgonjwa, maana kwetu mgonjwa hatengwi, kumtenga ni kumwua. Rweyemamu aliacha kuja mlangoni kwetu asubuhi. Kokushubira naye hakuja. Msichana wa kitabuni tulikuwa tumemwacha mtoni, maji yamejaa, kaa la moto limebaki dogo kama punje ya kahawa, na mvuvi mmoja amemwambia atamvusha ila ampe huo moto. Adelina alikataa kuendelea. Alisema tutawangoja.

Tulikwenda sote wawili kwenye msiba wa Rweyemamu. Nyumba ilikuwa giza, nyasi za sakafuni ni kavu, za kufiwa, na mama yao, Ma Elivera, alikuwa amekaa amejiegemeza kwenye nguzo ya kati, miguu ameinyoosha mbele, asiyetazama mtu. Kokushubira alilala kwenye kona, bado ana vipele, amefunikwa blanketi. Tuliketi. Hakuna aliyetupa nafasi na hakuna aliyetunyima. Baada ya muda bibi yao, mama wa baba, akasema bila kuinua sauti, “Walimu, waitu, mmefika.” Tukaitika salamu hiyo ya heshima. “Mimi sikusoma,” akasema. “Mtu akiniambia mtoto anakwenda kusoma somo, namwacha aende. Mngesema ni somo, lingekuwa somo. Lakini ninyi ni wana wetu, mmezaliwa hapa, maneno yale mnayajua. Mliyatamka mchana, mbele ya watoto wetu, kila siku. Mzungu asingeweza kufanya hivyo, kwa sababu hayajui.” Adelina akasema, “Ma, ni surua. Imeingia hata nyumba ambazo hakuna anayesoma.” Bibi akatikisa kichwa polepole, akakubali. “Ndiyo, ni surua. Lakini nani aliifungulia?” Na Ma Elivera, ambaye tulidhani hasikii, akasema kutoka kwenye nguzo, “Mpaka homa inamchukua alikuwa anaitika. Anaitika peke yake, hakuna anayemsimulia.” Tukaondoka bila kunywa maji.

Miaka yote hii nimetafuta kosa letu na sijaliona. Sisemi hivyo kwa kujitetea. Ningeliona ningepumzika. Bibi yule hakuwa mjinga wala hakuwa mbaya, alikuwa na kaburi jipya mlangoni. Na alichosema kuhusu maneno yale kilikuwa na ukweli ambao unanichoma mpaka leo. Tungesoma vitabu vilevile kwa sauti ya somo, watoto wakiwa na macho dirishani, hakuna mtu angetugusa. Kilichowaamsha watoto na kilichowatisha wazazi kilikuwa kitu kimoja.

Kamati ya shule ilikutana kabla surua haijaisha. Ofisi ya Mwalimu Zakaria ilitengwa na darasa langu kwa ukuta wa matete uliopakwa udongo, na udongo ulikuwa umebanduka, nikayasikia yote nikiwa nasahihisha hesabu ambazo sizioni. Wazazi wakasema hawatarudisha watoto. Mwinjilisti, aliyekuwa amengoja nafasi yake, akasema yeye haamini mambo ya kipagani ya usiku na mchana, lakini mnyama anayesema ni uongo, na sungura anayedanganya akashinda ni uongo juu ya uongo, kwa hiyo naye anaunga mkono. Nakumbuka nilicheka kimoyomoyo kwa uchungu: watu waliokuwa hawapatani kwa lolote wameona mahali pa kupatana. Kisha sauti ya Adelina. “Surua haijui kusoma, wazee wangu.” Mwalimu Zakaria akakohoa, akasema taratibu, kama anayemwomba, “Mwalimu Adelina, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nina shule. Bila watoto ni kuta. Vitabu ni vizuri mno, tena ni vya serikali. Tuviweke kabatini visichafuke mpaka watu watulie.” Nikasikia kasha letu, lililoletwa kutoka chumbani, likiburutwa. Nikasikia kufuli.

Watu hawakutulia, au walitulia sana, sijui, lakini kabati halikufunguliwa. Alipokuja mkaguzi lilifunguliwa, akaonyeshwa vitabu vilivyopangwa vizuri, akasifu usafi wake, likafungwa. Watoto walirudi mmoja mmoja, wakarudi na macho yao dirishani. Niliwasomesha choo na faida zake. Siku moja, kwa kujisahau, nilinyamaza mwisho wa ukurasa, na darasa zima likainamisha vichwa kwa woga. Adelina alipewa uhamisho kwenda Rubafu. Asubuhi tuliyokuwa tunafunga mizigo yake, Kokushubira alikuja akasimama mlangoni, mahali pale pale pa mdogo wake, amekonda, nywele zimenyolewa. Alitazama kati ya vitanda, pale ambapo kasha lilikuwa likikaa, pakiwa na nyasi zilizolala tu. Adelina akamwita, “Njoo, mwanangu.” Mtoto akageuka akaenda zake. Tulidhani ametuchukia, na Adelina akakaa juu ya sanduku lake akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa, mpaka dereva wa lori akapiga honi.

Huko Rubafu alifundisha hesabu na ushonaji, na hata alipokuwa mwalimu mkuu hakupata tena kumchagulia mtoto kitabu. Wanawe walilelewa bila kitabu cha hadithi nyumbani. Niliwanunulia mara moja, akanishukuru, akaviweka juu ya kabati la vyombo. Kabati la shule lilikuja kufunguliwa baada ya Uhuru, mimi nikiwapo. Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma. Majalada yalisimama vizuri kwenye safu, na nilipogusa la kwanza kidole kikapita mpaka upande wa pili. Kile cha moto nimekiulizia Bukoba mjini, nimekiulizia Mwanza na Dar es Salaam, lakini utauliziaje kitabu ambacho hujui jina lake wala aliyekiandika? Wauzaji hunitazama kwa upole. Mmoja alinipa kitabu cha zimamoto.

Siku ya pili ya matanga jua lilitoka kali. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, wajukuu wa Adelina wanakimbizana kati ya mibuni, wakati mwanamke mzee aliyevaa kitenge cha bluu aliponijia akisaidiwa na fimbo. Alinisalimu kwa kupiga magoti, magoti yale ya kizee, nami nikachelewa kumzuia. “Mwalimu Justa, waitu. Hunijui.” Nilimtazama, na ukali wa taya ndio ulioniambia. Nikasema, “Kokushubira.” Akacheka, akakaa kwenye nyasi miguuni pangu, na tukasemezana kama watu wanavyosemezana: watoto wangapi, goti lipi linauma, nani bado yuko. Kisha akawa anachana jani la mgomba kwa kucha, uzi baada ya uzi.

“Nilipanga kumwuliza Ma Adelina,” akasema. “Kila mwaka nasema mwaka huu nitapanda gari niende. Sasa nimekuja nimemkuta hivi. Nakuuliza wewe. Mwalimu, ule moto ulifika?”

Akaendelea, bila kunitazama. “Rweyemamu alikuwa ananiuliza. Tulilala blanketi moja, na mimi naumwa, na yeye ananiuliza, umefika? Nikamwambia bado, nikipona nitakwenda kwa walimu, nitakuja kukuambia. Nilikuja, Mwalimu. Nilikuta mmeondoa vitabu. Nikaona haya kuuliza mbele ya mtu anayefunga mizigo.”

Nikamweleza. Nilimweleza ile sheria ya Adelina, kitabu chini ya mto, kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyesoma mbele, na kwamba tulisimamishwa mtoni sote pamoja. Alinisikiliza kinywa wazi kidogo. “Kumbe na ninyi mlikuwa mnangoja,” akasema. “Miaka yote hii nilijua walimu wanajua.” Akatupa nyuzi za jani chini. “Basi nitamwambia nini? Mimi siko mbali na kwenda. Nikifika tu ataniuliza, namjua.” Halafu akanishika mkono, mkono wake mkavu na wa moto. “Tunga. Wewe ni Mwalimu. Nisimulie wewe moto ulivyofika, nikamwambie.”

Nilikuwa nao, mwisho. Nimekuwa nao tangu siku ile ya kufuli: namna msichana anavyovuka, kaa linavyobaki chembe, mama anavyoinuka kwenye kiwiko kupuliza. Nilifungua mdomo. Kokushubira alikuwa tayari amekaa sawa, kichwa amekiinamisha upande, akingoja niseme Nkaija nabona ili aitike. Nyuma yake mtoto mdogo kabisa wa nyumba ile, kitukuu cha Adelina, alianguka kwenye nyasi, akainuka, akacheka. Na mimi, mwanamke wa kanisa, mwalimu mstaafu, niliyebishana na jambo hili maisha yangu yote, nikatazama juu kuona jua limefika wapi. Lilikuwa utosini. Nikafunga mdomo.

Kokushubira aliyafuata macho yangu mpaka juu, akayafuata yaliporudi kwa mtoto. Akaniachia mkono.

“Hata wewe, Mwalimu,” akasema.